Tega na Saa ya Mzee

Ufuoma wee, siamini! Tega kamfunga Baba Omonigho, yule yule aliyemfundisha skrabo, ule mchezo wa kupanga herufi ziwe maneno!

Kumfunga si neno. Lakini tangu klabu ibadili kanuni, kadiri unavyoshinda kwa pengo kubwa ndivyo kiwango chako kinavyopanda, na Tega anaililia timu ya jimbo.

Basi mzee kacheza zamu yake, kasahau kubonyeza saa ili muda wake usimame. Sisi hapa Warri mtu akisahau tunamwambia, "Saa yako, Oga!" yaani mkubwa, bonyeza saa. Tega kanyamaza. Muda wa mzee ukaisha, kila dakika ya ziada ikamkata pointi kumi, naye kanyamaza tu!

Mzee alipogutuka akasema, "Mwanangu, si ulikuwa umeshanishinda?"

Timu kaipata. Mzee kamwachia ubao ule aliomfundishia, akatoka bila kuaga.