Ras ya Akinyi na Mdomo Wangu

Jumanne, Magunga

Nimeshindwa kunyamaza. Binti yangu Akinyi alinionya nisimwambie mtu kwamba Ijumaa atasimama mbele ya maprofesa kutetea utafiti wake wa chuo kuhusu Ras. Hiyo ni protini inayopitisha ujumbe ndani ya seli ili igawanyike, kisha inajizima. Ikikataa kuzima, seli zinaongezeka tu, saratani inakuja. Akili hiyo ametoa kwangu, babake hata rimoti inamshinda.

Leo sokoni nilimwambia jirani yangu Mama Atieno peke yake.

Jioni Akinyi akapiga simu. "Mama, watu kumi wamenipongeza na bado sijapita. Wewe ndiyo Ras iliyokataa kuzima."

Nilicheka, halafu nikawaza. Akianguka, aibu ni yake na mdomo ni wangu.

Nimewaomba akina mama wa kanisa wamwombee. Ilibidi niwaelezee kila kitu tangu mwanzo.