Usitie Mawese Kwenye Breki za Panzi

Mpendwa shemeji Ramadhani,

Desturi ya barua ni kusema mimi huku ni mzima, wasiwasi ni juu yako wewe huko. Nimeandika hivyo miaka yote bila kuyafikiria maneno yenyewe. Leo nimeyafikiria. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo, maana mkonge haumwachii mtu mgongo wake. Lakini wasiwasi nilio nao safari hii ni wa kweli, na nakuomba uisome barua hii mpaka chini kabla hujaanza kunicheka.

Barua yako niliipata Jumamosi tulipotoka kukata. Umeniambia kwamba Zuhura, dada yako na mke wangu, sasa ni mzito sana, na kwamba utapanda na Panzi, lile gari letu la kuunga, mpaka kijijini kwetu juu ya Kidahwe umchukue, umlete Ujiji ajifungulie karibu na hospitali. Nikashukuru. Ukasema utalala kwa mama yangu, kisha mtateremka alfajiri ili jua lisimchome njiani. Nikasema, huyu ndiye ndugu. Halafu chini kabisa, kwa mkato, kama mtu anayetaja bei ya dagaa, ukaongeza: "Mafuta ya breki yamekwisha mji mzima. Nimetia mawese kama siku zile, na breki inashika vizuri tu."

Tangu kesho yake chakula hakipiti, shemeji. Wenzangu wanadhani nina homa.

Sikiliza. Mimi niliishia darasa la nne, na wewe ni fundi wa mji, sitaki kukufundisha gari. Nataka tu ukumbuke pamoja nami, kitu kwa kitu, maana jambo lenyewe tuliliona wote wawili na hatukulielewa.

Unakumbuka kwa nini tulilijenga Panzi. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja juu ya mlima, na zahanati ilikuwa bado ni mistari ya chokaa chini ambapo mbuzi wetu walikuwa wakilala. Zuhura alipopatwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, tulimbeba kwa machela. Mvua ilikuwa imekata njia mitaro mitaro. Wanaume walipokezana, wakateleza, wakainuka, na mimi nilishika mkono wake muda wote nikimdanganya kwamba tumekaribia. Mtoto tulimzika njiani, Mwandiga, kwenye makaburi ya watu tusiowajua. Wewe ulifika kwa baiskeli umelowa. Baada ya kuzika ulisimama ukaitazama ile njia, ukaniambia: "Shemeji, gari la kununua haliwezi hapa. Hili itabidi tulizae wenyewe."

Nilidhani ni maneno ya msiba tu. Kumbe ulikuwa umeanza kuhesabu vyuma.

Chesisi tuliipata nyuma ya nyumba ya yule mzee wa Mwandiga, landrova iliyokufa zamani, mmea wa maboga umepenya sakafuni na kutokea dirishani. Mzee alikubali tuichukue ila akasema maboga ni yake, tukasubiri yakomae. Magurudumu yalitoka kwenye tela la trekta. Benchi ulilichonga kwa ubao wa mtumbwi uliopasuka. Na injini ya pijo ilikuwa mtaroni nje ya mji, nayo hatukuwa na kitu cha kuibebea, ndipo ukaleta jeneza la msikiti wa mtaani kwenu.

Mpaka leo nikilikumbuka lile nacheka peke yangu kwenye mistari ya mkonge. Tuliweka injini ndani, ukaifunika mkeka ili vumbi lisiingie, tukaibeba mabegani kuingia Ujiji, na watu walikuwa ndiyo wanatoka kuswali. Nani atauliza? Jeneza likipita, mtu anatoa bega apate thawabu. Wakaja mbio, wakatupokea, wakawa wanapokezana kimyakimya kwa adabu zote. Bibi mmoja mlangoni akasema, "Poleni na msiba, wanangu." Wewe bila aibu ukamjibu, "Tumeshapoa, bibi. Alikuwa mzito tangu ujana wake." Mpaka mafuta machafu yakamchuruzikia mtu mmoja kwenye kanzu nyeupe. Akapiga kelele kwamba maiti anavuja! Ulikimbizwa mpaka ufukweni, ukasimama ndani ya ziwa maji yakikufika kiunoni, ukiomba radhi, na mimi nikabaki na jeneza langu katikati ya njia.

"Wewe Muha," uliniambia baadaye, "ungekimbia na injini basi."

"Na wewe Mmanyema," nikakujibu, "ungezikwa nayo."

Siku hizi utani huo nikifika hapo kwenye kuzikwa narudi kukata mkonge.

Tulijenga mwaka mzima, mimi nikishuka kutoka kijijini kila nilipomaliza shamba. Watu wa Ujiji wakaliita Panzi kwa sababu ya miguu mirefu na mwili wa kukonda, na kwa sababu halikupita shimo bila kuruka. Halikuwa na mlango wala paa. Halikuwa hata na breki ya mkono, tulitumia gogo. Zuhura alikuja kulitazama, akazunguka mara moja, akasema, "Kitu kilichoingia mjini kwa jeneza mimi sikipandi." Ulimbembeleza sana. Alikataa. Sasa naona katika barua yako kwamba amekubali, kwa ajili yako, na kwa sababu anaogopa machela kuliko anavyoliogopa Panzi. Hilo ndilo linanikata maini.

Sasa ikumbuke ile safari yetu ya kwanza ya kupanda milimani. Mafuta ya breki yalikuwa hayapatikani. Duka lilikuwa na rafu na mwenye duka, basi. Ukasema mawese ni mafuta na mafuta ni mafuta, ukayachuja kwa kitambaa, ukajaza, tukatoa upepo kwenye mirija, ukakanyaga. Breki ikashika. Tulizunguka ufukweni, ukasimamisha Panzi mbele ya wanawake wanaoanika dagaa, karibu kabisa na mikeka yao, wakakutukana, ikawa ndiyo majaribio. Jua lilikuwa kali. Tukapanda, na mlima mzima hatukuhitaji breki. Tukafika kwa mama, tukalala.

Asubuhi ilikuwa ya kipupwe, ukungu umelala bondeni. Mama alituamkia, "Mwakeye!" ukamjibu kwa Kiha chako kibovu akafurahi. Alikuwa amechutama mekoni akipika, na chupa yake ya mawese ameiegemeza karibu na mafiga. Wewe ukamtania: "Mama, hata mafuta yanaota moto kama wazee?" Akakujibu, "Mwanangu, hapa kila kitu kinaota moto kwanza, ndipo kifanye kazi." Sisi sote tukacheka. Maneno hayo yalitamkwa mbele yetu, Ramadhani, na gari lilikuwa limelala nje.

Tukaondoka, sisi wawili na gunia la maharage na jogoo. Kwenye mteremko wa kwanza ukakanyaga breki, ukaniambia, "Ngumu." Ukakanyaga tena kwa miguu miwili. Ilikuwa kama kukanyaga jiwe. Nakumbuka uso wako, ulikuwa unatabasamu bado, tabasamu limesahaulika hapo. Chini lilikuwa daraja la magogo. Ulikata usukani tukaingia kwenye migomba, tukaangusha mmoja, wa pili, wa tatu, Panzi likasimama juu ya mikungu. Jogoo hatukumwona tena. Tulicheka sana, maana hatukufa.

Tulikaa pale kupatana na mwenye migomba, na jua likapanda. Ulipofungua mirija ilikuwa adhuhuri, mawese yanatiririka kama maji. Ukasema, "Unaona? Ilikuwa taka. Imeshatoka yenyewe." Tukateremka na breki ikashika mpaka Ujiji. Baadaye ukapata mafuta yenyewe kwa jamaa wa bandarini, na neno hilo likaisha. Mimi nami niliamini ni taka.

Sasa nikuambie kilichonifungua macho. Mwenzangu Petro, kijana wa kwetu tunayelala naye kambi moja hapa Korogwe, alirudi likizo iliyopita na chupa ya mawese kutoka kwa mama. Nimekuwa nikiyatumia kidogo kidogo, chupa inakaa dirishani. Kipupwe kimeingia. Asubuhi ya Jumapili, barua yako ikiwa bado mfukoni, nikachukua chupa nitie kwenye mboga. Nikaiinamisha. Hakuna kitu. Nikaipindua kabisa, mdomo chini. Mafuta yamekaa ndani kama tope kavu, hayashuki. Nikabaki nimeishika hivyo hivyo imepinduka, Petro akaniuliza kama nimepagawa.

Na hapa ni Korogwe, shemeji. Huko kwetu juu baridi ni zaidi.

Kwenu Ujiji mawese ni maji mwaka mzima, ndiyo maana hujawahi kuyafikiria. Utayajaribu ufukweni, yatashika. Utapanda mlima kwa usalama. Utalala kwa mama, na yatalala nawe ndani ya mirija, na alfajiri ile ile uliyoichagua kwa kumwonea dada yako huruma, yatakuwa jiwe. Safari hii hakutakuwa na gunia la maharage pale kwenye benchi.

Nilikwenda posta kukupigia simu ya maandishi. Karani akasoma kwa sauti, "Toa mawese breki," akanitazama, akasema, "Mzee, huu ni mchuzi au ni gari?" Watu kwenye mstari wakacheka. Akaipeleka. Lakini nakujua. Utaisoma, utampa jirani naye asome, mtasema jua la Korogwe limenipata. Kwa hiyo naandika kwa urefu, na Petro anaondoka kesho kuja kuoa, atashika treni ya Kigoma pale Morogoro. Nimemwambia asipite kwa mchumba kwanza. Ameapa. Mchumba ni mzuri, sina hakika na kiapo.

Pamoja na barua atakupa chupa. Ndani ni mafuta ya breki, ya kweli. Nimeyapata gereji ya shamba. Fundi alinikatalia mpaka nikamwoshea matrekta Jumapili yote, na nilipomweleza ni ya nini aliijaza chupa mpaka shingoni. Mwaga mawese yote, safisha mirija, toa upepo upya. Kama Panzi tayari liko mlimani na huna vifaa vya kufungulia, basi usitoke alfajiri. Subiri jua lipande mpaka kivuli cha nyumba ya mama kiingie chini ya ukuta. Na pale kwenye mteremko wa migomba mshushe Zuhura atembee, hata akikutukana, hata akisema miguu imevimba. Mpe mkono. Mwambie ni mimi nimesema.

Ningekuja mwenyewe. Nimeomba ruhusa, msimamizi amesema mkataba wangu haujaisha na kwamba kila Muha ana mke anayejifungua. Nilirudi kwenye mstari nikakata mkonge mpaka mikono ikawa haifungiki. Nikiwa pale ninapiga hesabu ya kijinga: leo Ramadhani anapaka grisi, leo anapita Mwandiga, leo yuko kwa mama anakula. Kila asubuhi ninapohisi baridi miguuni najiuliza kama ndiyo alfajiri yenyewe. Huenda wakati Petro anabisha hodi kwako yote yamekwisha, ama heri ama shari, na mimi huku bado naogopa jambo lililokwishapita.

Sikulaumu. Ungekuwa mtu wa kulaumiwa usingebeba injini kwa jeneza kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine. Kila chuma cha Panzi kilipita mikononi mwetu, na nilipokuwa nashikilia ekseli wewe ukipiga nyundo, nilikuwa nasema moyoni kwamba mtoto wa pili hatabebwa kwa machela. Bado nasema.

Ombi la mwisho. Chupa hiyo ni ile ile ya mama, nimeiosha kwa majivu. Kwetu na kwenu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Petro akimaliza harusi yake atarudi huku, nami nitampokea stesheni. Kama Zuhura ameshuka salama, mpe chupa ikiwa imejaa mawese. Kama si hivyo, mpe tupu, na usiandike neno, na yeye asiseme neno. Nitaiona mkononi mwake kabla hajashuka kwenye behewa.

Yakija yameganda, si kitu. Nitayaweka juani, nitakaa kando yake, nisubiri.

Ni mimi shemeji yako, muramu kwa Kiha chetu, mkata mkonge,
mume wa Zuhura.