Chumba Kinakungoja, Yaya

Mpendwa yaya, dada yangu mkubwa,

Nakuomba, usimsomee mtu barua hii, hata yule mama unayeuza naye chakula huko Shabunda. Ukimaliza, itie motoni. Patroni akijua kwamba karani wake analala katika depo ya biro, stoo ya ofisi yake, nyuma ya makartoni, kazi yangu itaisha.

Unakumbuka nyumba yetu ya mbao, kule mlimani Kadutu? Mvua ikianza tu, ulinivalisha viatu, ukafunga nguo zetu katika kitenge, tukakaa karibu na mlango. Mimi nililia, wewe ukacheka.

"Nyamaza, mudogo. Hii nyumba inataka tu kushuka kuoga ku ziwa."

Halafu ikashuka kweli, pamoja na udongo wa mlima. Tulitoka na kitenge kile, na viatu miguuni. Ulienda Shabunda kutafuta pesa ili nimalize shule, na nimemaliza. Lakini mpaka leo silali bila viatu, hata humu depo, ambamo ukuta ni wa matofali.

Sasa nimepata chumba. Kiko Muhumba, pahali tambarare, nyuma ya nyumba ya Mama Zuhura, mjane anayeuza vitambaa. Garantie, ile pesa ya dhamana, amekubali niilipe polepole. Ila msichana asiye na mtu wa kumsimamia hampangishi.

"Nani atakujibia?" aliniuliza.

"Papa na maman walishakufa. Niko na yaya yangu."

"Yaya wa kweli? Maana hapa wananiletea batonton, bajomba ya kukodi. Moja alikuja, hajue hata jina ya mutoto." Akaniangalia sana. "Akuje, nimuone na macho. Nitakuchungia chumba mpaka Idi."

Njiani nilijikuta nacheka peke yangu, kwa sababu mimi sina haja ya kukodi mtu.

Basi njoo kabla ya Idi. Usipige simu biro, wala usiniulizie kwa mlinzi. Ukifika Bukavu, panda pikipiki mpaka Muhumba, uulizie kwa Mama Zuhura wa vitambaa. Mtajie majina yangu yote, hata lile ambalo papa peke yake aliniita. Atatuma mtu kuniita.

Siku hiyo, hata mvua ikinyesha, tutalala miguu mitupu.

Mdogo wako