Steringi Hafi

Njeri, mdogo wangu mbishi, hujambo?

Simu zangu hupokei tangu nikukataze maandamano, basi soma kadi. Nimemleta madam, bosi wangu, Jeddah kutoka Riyadh, na leo mchana nimekula wali kwa madereva wa kwetu, mtaa wa hapa Jeddah uitwao Kandara kama kule nyumbani. Joto la huku linalowesha shati ukiwa umekaa tu. Wakaweka filamu ya Kikorea ya mambo yaliyotokea kweli zamani: wananchi wanaandamana, wanajeshi wanawapiga risasi.

Tatizo ni Kimani. Naye ni dereva huku sasa; si unakumbuka alikuwa DJ wa kutafsiri filamu kwenye kibanda cha video cha mtaani? Kikorea hajui hata salamu, lakini hakufunga mdomo! Msichana mmoja mwanafunzi aliyebeba bango, Kimani akampa jina lako. “Huyu Njeri ndiye steringi, nyota wa filamu, na steringi hafi!”

Nikamwambia, “Halas, nyamaza!” Wapi! Alipiga kelele mpaka msichana akapigwa risasi, akaanguka na bango lake. Sote tukamngoja ainuke. Hakuinuka.

Nimechoka kukubembeleza. Ukiipata kadi hii pokea simu, hata kama ni kunitukana tu.

Kakako,
Mwangi