Chupa Iliyotoka Safu Yetu

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limekupa nafasi ya kupumua. Sisi kwa miili hatujambo. Watoto wanakula na kugombana kama kawaida, na mimi bado naendesha basi la shule, huku nyuma yangu wanafunzi wakiimba nyimbo zisizo na kichwa wala miguu.

Pole zako zimenifika. Umesikia kwamba baba mkwe wangu amefungiwa miaka mitano asikanyage uwanjani, kwa kumpiga mwamuzi msaidizi kwa chupa, na ukanihurumia kwa kupata mkwe wa namna hiyo. Niliisoma barua yako mezani, nikashindwa kumaliza chakula.

Siku ile tulikwenda wawili, kama tulivyozoea tangu nimwoe binti yake. Unamfahamu mzee yule, seremala mstaafu, mtu asiyepandisha sauti hata timu ifungwe mabao manne. Tulikuwa tunaongoza. Dakika za mwisho wapinzani wakasawazisha, na kwa macho yetu mfungaji alikuwa ameotea, ila mwamuzi msaidizi hakuinua kibendera. Jukwaa likachafuka. Chupa ya maji yaliyoganda ikaruka kutoka safu yetu, ikampata mwamuzi yule juu ya jicho. Alianguka kibendera kikiwa bado mkononi, damu ikimtoka. Mechi ikavunjika. Walinzi walipofika kuuliza ni nani, mzee alisimama akasema ni yeye.

Adhabu zikafuata. Timu ilinyang'anywa pointi, ikacheza mechi tatu viti vikiwa vitupu. Picha ya mzee ilibandikwa kwenye kila geti, pamoja na za wavunja viti. Mke wangu aliona aibu mpaka akaacha kwenda kwa baba yake. Wakikutana njiani, alivuka upande wa pili. Mimi nilitazama pembeni.

Dada, chupa niliirusha mimi.

Kabla hajasimama, mzee alininong'oneza: "Wewe una basi la watoto. Kaa."

Alijua shule haimwachii usukani mtu wa fujo. Nami nikakaa. Nilikaa kimya wiki saba. Hata mke wangu alipokataa kumpelekea baba yake dawa za presha nilikaa kimya, nikazipeleka mwenyewe, na mzee akanishukuru kwa wema wangu. Shukrani ile ndiyo iliyonimaliza. Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu kila kitu. Hakulia wala hakunitukana. Alivaa viatu akaenda kwa baba yake, na tangu hapo tunazungumza habari za watoto tu.

Kesho yake nilikwenda kwenye kamati ya ligi nikaandika maelezo. Mzee amefutiwa adhabu. Mimi nimefungiwa miaka saba, miwili ikiwa ya kumwachia mwingine mzigo wangu. Mwamuzi msaidizi aliitwa pia. Kovu limekata nyusi yake katikati. Nilimwomba radhi, akasema amesikia, basi. Mwalimu mkuu naye ameahidi kunijibu Ijumaa kuhusu basi, na sitamlaumu kwa lolote atakaloamua.

Mwisho nilikwenda kwa mzee kumwomba msamaha. Alinikaribisha kiti, akasema: "Uwanja niliuacha mwenyewe kwa ajili yako, sikudai kitu. Lakini ulimwona mwanangu akinipita bila salamu, ukamwacha."

Nilikaa pale nikitazama mikono yangu mpaka aliponiuliza kama nimekula.

Msalimie shemeji na wanangu wote huko. Mama najua atakuomba umsomee barua hii. Msomee yote, dada, usiruke mahali kwa kunionea huruma.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba