Moto wa Meza ya Risasi, Al Wakrah

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kwa Kiswahili mbele ya mkalimani, Ijumaa tarehe 15 Machi 2013, saa nne asubuhi.

Jina: Dedan Musyoka Kilonzo
Umri: Miaka 41
Kazi: Dereva wa nyumbani
Makazi: Chumba cha dereva, nyumbani kwa mwajiri, Al Wakrah

Mimi ni Mkenya, mtu wa Kitui. Kabla ya kuja huku ughaibuni nilikuwa askari wa wanyamapori miaka tisa, kwa hiyo bunduki nazijua. Naomba hilo liandikwe, maana ndilo lililoniponza.

Mwajiri wangu, ambaye sisi wafanyakazi tunamwita Baba, hupenda kulenga shabaha kwa bunduki ya marisau. Mwezi wa Januari aliamua awe anajaza maganda ya risasi mwenyewe, nyumbani. Akaniambia, "Dedan, wewe unajua. Yalla, chagua." Yeye alitaka mashine kubwa, ile ya kutoa risasi kila ukivuta mkono. Nikamwambia haraka haraka haina baraka, achukue ndogo ya kubana moja moja, mtu aone anachofanya. Mizani ya kupimia baruti nilijaribu tatu ndipo nikakubali moja. Hata meza niliifunga ukutani mimi mwenyewe kwa skrubu, katika chumba kidogo kando ya ukumbi. Kusema kweli, nilijiona bingwa.

Mnamo tarehe 14 Machi, siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi, Baba alisema wageni wake watakuja baada ya Alasiri kuiona meza. Saa sita mchana nilijaza baruti kwenye chupa ya juu ya mashine, ili yeye akifika avute tu. Baruti haiachwi hivyo. Nyingine ilimwagika mezani, nikasema nitafuta baadaye. Sikufuta.

Saa tisa na dakika ishirini Mwanahamisi, dada wa kazi, mtu wa Unguja, alikuwa akifukiza udi sebuleni. Nyumba ile mgeni hapelekwi chumba ambacho hakijafukizwa. Alikuja hadi uani, chetezo mkononi, akaniuliza, "Kaka Dedan, na kile chumba chenu kinachonuka mafuta?" Nilikuwa nafuta gari, wala sikuinua kichwa. Nikamjibu, "Pitisha, dada, wataingia humo pia." Akacheka, akasema, "Basi leo hata risasi zitanukia." Akaenda.

Jamani, chetezo kina makaa! Mtoto mdogo anajua kina makaa. Mimi nilifikiria harufu tu.

Hakukuwa na mshindo. Nilisikia kitu kikifoka, kama maziwa yanapofurika jikoni, kisha nikamsikia akiita jina langu. Nilimkuta mlangoni amenyoosha mikono mbele, mtandio unawaka. Niliuzima kwa zulia dogo la ukumbini. Mikono yake sitaielezea, mnisamehe. Alikuwa akiniuliza, "Nimefanya nini, kaka? Nimefanya nini?" Nilimtia garini nikampeleka hospitali, na njia nzima alikuwa akiuliza hivyo hivyo.

Leo hapa kituo cha polisi nimesomewa taarifa kwamba Mwanahamisi alikatazwa kuingia chumba kile akakaidi, na kwamba akitoka hospitali atashtakiwa. Haki ya Mungu, nimeduwaa. Nimeomba nisomewe mara ya pili. Hakukatazwa. Hakuna aliyewahi kumwambia mle mna baruti, kwa sababu tuliona hayo si mambo ya watu wa jikoni. Aliuliza kwanza, kama mtu mwenye adabu zake. Mimi ndiye niliyemwambia aingie na moto.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimeyasema kwa hiari yangu.

(Sahihi) D. M. Kilonzo

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea yote kupitia mkalimani, akakiri ndivyo alivyosema. Kabla hajatia sahihi nilimjulisha kwamba kwa kusema ndiye aliyemwambia aingie na moto hatahesabiwa tena kuwa shahidi bali mtuhumiwa, na kwamba anaweza kuyafuta maneno hayo. Aliomba kalamu. Alitia sahihi bila kufuta neno, kisha akaweka funguo za gari mezani.