Feni Iliyonuka Udi

Kengeja, Pemba
Septemba 2015

Kaka yangu Muadh,

Asalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, na joto limeanza kukuhurumieni. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama mguu humsumbua akiinuka, lakini akishasimama hana wa kumfikia kwa mwendo. Barua nampa mkononi Ami Zahran, anayesafiri kuja huko, maana kwenye simu Mama huweka spika na majirani wote wakakusikia.

Huku kampeni zimepamba moto. Magari ya vyama yanapishana na maspika yao, na Mardhiya, shoga yangu tangu chuoni, haji tena kwetu. Baba yake kamwambia nyumba yetu si ya chama chao. Nikirudi kutoka kusomesha skuli sina wa kuzungumza naye. Ndipo nilipoikumbuka kompyuta yako.

Ilikuwa pale pale chumbani mwako, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Niliwasha ule mchezo wetu wa mpira, ukawa unakwama kila mchezaji akigeuka, mashine inavuma kama ya kusaga unga, kisha ikajizima. Nikaifungua kwa bisibisi. Mama akacheka, akauliza ni nani atakayemposa binti anayefungua mabati. Ndani, feni ilikuwa imeganda vumbi jeusi la kunata, na vumbi lenyewe lanuka udi.

Nikafahamu. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa Mama huingia na chetezo, akafukiza kitanda chako, nguo zako na kompyuta, ili ukirudi ukute vyako vinanukia. Hata sasa nikicheza huja akaifunika mgongoni, eti isiingie vumbi. Sijaweza kumwambia kwamba mapenzi yake ndiyo yanayoiziba pumzi.

Nilisafisha feni kwa mswaki, nikapaka dawa mpya ya kupozea, nikaongeza memori niliyoinunua Chake, nikafuta programu zilizokuwa zikijiwasha zenyewe. Bado ikakwama. Mwisho nikapunguza picha: nikaondoa vivuli, nikaondoa mvua, nikaondoa watazamaji. Sasa mpira unakwenda kama maji, ila uwanja mtupu. Ukifunga bao hakuna anayeshangilia. Nimeuzoea.

Kaka, naja kwa lililonifanya niandike. Nilipounga intaneti niliona jina lako mchezoni. Nikataka kukufanyia mzaha: nikufunge kwanza, ndipo nijitaje. Nikajiita Jaribu wa Mombasa. Naam, Jaribu ni mimi. Yule unayemtania kwamba kipa wake anaanguka kama gunia la muhogo, ni dada yako.

Siku moja ulichoka kucheza, ukaanza kuandika. Ukamwambia Jaribu kwamba una mke huko, na mtoto wa kike uliyempa jina la Mama, Mwanawema, na kwamba huna uso wa kuwaeleza watu wako. Mzaha ukaniganda mkononi. Nilipaswa kujitaja pale pale. Badala yake kila jioni nilirudi kukusikiliza, kwa sababu tangu uondoke mimi sikupata kwako zaidi ya salamu, na huyo Jaribu unamweleza kila kitu. Nilimwonea wivu mtu asiyekuwepo.

Lakini Mama anajitayarisha kukupelekea posa Chokocho, kwa Shariffa, baada ya Idi. Shariffa mwenyewe keshaniuliza unapenda chakula gani, nikainama nikajifanya nafunga kiatu. Mimi sitasema, neno hili si la mdomo wangu. Mpigie Mama kabla hajatoka na watu wake. Atalia, atakususa, kisha ataulizia mjukuu wake ameota meno mangapi. Namjua.

Kile kitambaa nimekificha, mashine ipate hewa. Mama kaniuliza kiko wapi, nikamwambia nakifua. Ukishampigia nitakifua kweli, Mama atakifukiza kwa mkono wake, na Ami Zahran atakuletea umfunikie Mwanawema mdogo. Yeye haumizwi na moshi wa udi.

Nisalimie wifi yangu, umwambie Kengeja ana wifi. Na Jaribu usimtafute tena. Ukitaka kucheza nitakuwepo kwa jina langu, uwanja ule ule mtupu.

Akulinde Mola wewe na wako.

Dada yako,
Samah